Hatutupi Kigae

Mlango wa ghala la makumbusho ulisukumwa bila hodi, akaingia mtu ambaye Inspekta hakuwahi kumwona, anafuta miwani kwa ncha ya tai.

"Samahani jamani, mapokezi hakuna mtu," alisema. "Namtafuta Bwana Vigae. Tulikubaliana nije leo."

Koplo, aliyekuwa amepiga magoti akimulika chini ya rafu kwa tochi, aliinua kichwa akamtazama mkubwa wake. Inspekta alivua glovu moja taratibu. Alikuwa ameifanya kazi hii tangu ujana wake, na bado hajapata namna nzuri ya kulitamka neno lile.

"Mzee wangu, keti kwanza hapo kwenye sanduku."

"Nimeketi kwenye basi safari nzima, mama. Niache nisimame."

"Bwana Vigae amefariki. Alikutwa hapa ndani, hapo hapo unapotazama. Tunaamini kuna mkono wa mtu."

Mgeni akaketi. Miwani ilibaki mkononi, ncha ya tai ikabaki juu ya kioo, na kwa muda ilionekana kama amesahau kipi kinafuta kipi. Kisha akajieleza: alikuwa profesa wa chuo cha mbali, naye ndiye aliyemfundisha marehemu kuchimba, alipokuwa bado kijana asiyejua hata kushika brashi.

"Ninyi ni polisi," alisema. "Mmemkamata mtu?"

"Tumemkamata," alisema Koplo. Inspekta alianza kuvua glovu ya pili.

Walikuwa wamemkamata Mwalimu. Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Watu wa juu na watu wa chini, jamii mbili jirani, walikuwa wakigombea mgongo mmoja wa kilima, kila upande ukidai kwamba wazee wake ndio waliofika kwanza, na mwaka uliopita ugomvi huo ulichoma nyumba na watu waliokuwa ndani yake. Tume ya ardhi ilimtaka Bwana Vigae, mchimbuaji wa makumbusho, aje aseme makaburi ya kale ya kilimani yanaonyesha nini. Yeye alikuwa mtu wa chini, ila alioa juu. Watu wa kwao wakaamini kwamba ameshanunuliwa na wakweze. Mwalimu, mtu wa chini mwenye sauti kubwa na subira ndogo, akaja getini na kundi la watu, akamwita msaliti, akamkunja shati mbele ya walinzi. Kesho yake asubuhi Bwana Vigae alikutwa sakafuni, kisogo kimepasuka kwenye pembe ya rafu ya chuma.

Mchana huu Mwalimu angesomewa shitaka la kuua. Mkuu wa kituo alishapiga pasi sare yake.

"Mtu wa chini kamuua mtu wa chini mwenzake," Mkuu alikuwa amemwambia Inspekta, huku akijisugua mikono. "Ugomvi wa nyumbani. Hakuna atakayechoma nyumba ya mtu. Mungu atupe nini tena?"

Neno hilo ndilo lililomrudisha Inspekta ghalani. Kesi ilikuwa inamfaa kila mtu isipokuwa Mwalimu, na kesi ya namna hiyo ilimkosesha usingizi.

Profesa alisimama. "Na chungu chenyewe kiko wapi?"

"Chungu gani? Hapa vyungu ni vingi kuliko watu," alisema Koplo.

"Cha kaburi la Babu. Kaburi la zamani kuliko yote kule kilimani, la mzee ambaye watu wa juu hudai wametoka kwake. Ndicho nilichokuja kukitazama." Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya tatu, akashusha sanduku la mbao, akafungua. Ndani mlikuwa na kitanda cha pamba chenye shimo la mviringo. Shimo lilikuwa tupu.

Walikuwa wamelihesabu sanduku hilo. Hawakulifungua.

Walikikuta chungu karakana, chumba cha pili, mahali ambapo fundi wa makumbusho huunga vitu vilivyovunjika. Kilikuwa mezani kati ya vyungu vingine vilivyoungwa. Siku ya kwanza Inspekta alikuwa amekitazama kwa macho yake mawili na kupita, kama mtu apitavyo mikate katika duka la mikate.

Profesa alikizunguka bila kukigusa. Uso ulimwiva.

"Nani amekivunja?"

"Profesa, humu kila kitu kimevunjika," alisema Koplo. "Kisichovunjika ni kile kikombe changu cha chai."

"Hiki kilikuwa kizima! Ndiyo sababu kina thamani. Kilitoka ardhini kizima, nilikuwepo. Tazama nyufa. Kingo za kigae cha zamani huwa zimezeeka kama uso wake. Hizi ni safi kabisa." Alivuta pumzi puani. "Na gundi bado inanuka."

Inspekta aliinama. Karibu na shingo ya chungu palikuwa na pengo dogo, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, lililojazwa plasta nyeupe.

"Mbona hapa fundi hakupaka rangi ifanane?"

"Haturuhusiwi. Pale ambapo kipande kimepotea, tunajaza kwa rangi tofauti ili mtazamaji asidanganywe. Ndiyo sheria ya kwanza anayofundishwa fundi."

"Ngojeni kidogo," alisema Koplo. "Muuaji avunje chungu, halafu akae akiunge? Si angekitupa jalalani tukose hata pa kuanzia?"

Profesa alimgeukia. Alicheka, ila kicheko chenyewe kilitoka kimekatika. "Jalalani? Mtu wa kazi hii? Kijana, sisi hatutupi kigae. Nyumba ikiungua, mke wangu atatoka na watoto, mimi nitatoka na sanduku, na ananijua hivyo."

Halafu akaeleza, kidole kikifuata nyufa hewani. Watu wa juu hufinyanga chungu kwa bonge moja la udongo: hulitoboa kwa ngumi na kulivuta. Watu wa chini husokota udongo kama kamba, wakapanga duara juu ya duara. Mapambo ya nje mtu huweza kuyaiga sokoni kwa siku moja, lakini namna ya kukianzisha chungu binti hufundishwa na mama yake, na mikono haiisahau hata akiolewa wapi. Chungu cha bonge hupasuka ovyo. Hiki kilikuwa kimepasuka kwa mistari iliyokizunguka, mmoja juu ya mwingine.

"Mapambo ni ya watu wa juu," alisema Inspekta polepole. "Mikono ni ya mtu wa chini."

"Mikono ya mwanamke wa chini, aliyekaa juu na kupamba kama walivyopamba wakweze. Bwana Vigae aliniandikia kwamba alishalihisi, ila alitaka nihakikishe. Kama ni kweli, huyo Babu wanayejivunia alioa chini. Watoto wake wote, mpaka hawa wanaochomeana nyumba leo, wametoka katika tumbo hilo."

Inspekta alikuwa akikumbuka mfuko wa vitu vya marehemu: kalamu, funguo, leso, na kipande cha udongo kilichonaswa katika mkunjo wa mkono wa shati. Hakukitilia maanani. Fundi viatu hukutwa na misumari mfukoni, na mtu wa vigae hukutwa na kigae.

"Koplo, nenda kituoni uniletee ule mfuko. Usipitie kwa Mkuu."

"Akiniuliza?"

"Mwambie unakwenda chooni."

*

Nyumbani kwa marehemu matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Watu wa juu waliketi upande wa kulia wa ua, watu wa chini kushoto, na katikati yao palibaki nafasi ambayo gari lingeweza kupita. Mjane hakuwa upande wowote. Inspekta alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi ambavyo hakuna aliyemwomba amenye.

"Nikikaa bure, shangazi wananililia usoni," alisema. "Uliza unachouliza, afande."

"Kile chungu cha kaburi la Babu. Mumeo aliwahi kukitaja?"

Mjane alitabasamu kidogo. "Alikipeleka hospitali kikapigwe eksirei, aone ndani ya udongo. Nilimcheka sana. Nikamwambia, mume wangu, umempeleka mgonjwa gani asiyelipa? Akasema, huyu mgonjwa ni bibi yetu sote."

"Nani mwingine alijua?"

"Kaka yangu. Si wanafanya kazi pamoja? Waligombana hapa hapa, kwenye chakula. Kaka alisukuma sahani, hakumaliza." Kisu kilikuwa kikizunguka kiazi. "Wale walikuwa kama pacha, afande. Kaka ndiye aliyeniletea mume huyu."

Kaka yake alikuwa Fundi Gundi, muungaji wa vyungu.

"Siku ile ya mwisho, kaka yako alifika hapa saa ngapi?"

"Chakula kilikuwa kimeshapoa. Akaomba maji ya kuoga kwanza. Nikamwambia, leo umekuwa bwana harusi..." Kisu kikasimama. Mjane alikitazama kiazi kana kwamba ndicho kilichosema. Alipoinua macho, yalikuwa makavu, na Inspekta alitamani yangekuwa na machozi.

"Afande, una watoto?"

"Ninao."

"Basi niapie kwao. Ukishamjua, uje uniambie wewe mwenyewe, kabla ya redio, kabla ya hao walioketi huko mbele. Awe nani. Na usinipunguzie hata neno. Watu wote hapa wananipa maneno yaliyopunguzwa, kama mgonjwa anayepewa uji mwepesi."

Kazi yake ilikuwa imemfundisha Inspekta kutoahidi. Huwaambia hivyo hata askari wapya. Lakini ulimi wake ulishatangulia.

"Nitakuja," alisema.

*

Fundi Gundi alikuwa karakana, amevaa aproni, anachanganya plasta kwenye bakuli. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye vidole ambavyo gundi ilikuwa imevifanya ving'ae. Koplo alikuwa amesimama mlangoni, Profesa dirishani.

"Keti, Fundi," alisema Inspekta.

"Nikiketi plasta inaganda, afande. Hii haina adabu, haimngojei mkubwa."

"Iache igande."

Akaketi.

"Siku ile uliondoka kabla ya shemeji yako?"

"Kabla yake. Nilishaandikisha maelezo."

"Ukaenda moja kwa moja kwa dada yako?"

"Nilipitapita. Mtu hupitapita."

"Ukafika chakula kimepoa, ukaomba maji ya kuoga."

Fundi alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa safi. "Vumbi la ghala. Hata wewe hapo limekushika."

"Na chungu hiki kilikuja mezani kwako lini?"

"Hicho? Vyote hivi ni vya zamani, afande. Kimoja kinaingia, kingine kinatoka. Ukiniuliza kimoja kimoja tutalala hapa."

Inspekta hakubishana. Alifungua mfuko, akatoa kile kipande kidogo cha udongo, akakiweka mezani.

Fundi alikichukua. Hakuamua kukichukua, mkono wake ulikwenda wenyewe, kama mkono wa mama unavyokwenda kwenye pua ya mtoto. Alikigeuza kwenye mwanga, akakipapasa ukingo kwa dole gumba. Mkono wa pili ukakizungusha chungu mpaka plasta nyeupe ikamwelekea. Ukucha wake ulikuwa umeshaanza kuikwangua plasta alipojiona anachofanya.

Akaganda hivyo hivyo.

"Kinaingia?" aliuliza Inspekta.

"Kinaingia." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Nilikitafuta. Nilitafuta sakafu nzima, mpaka chini ya rafu. Kilikuwa wapi?"

"Kwenye mkono wa shati lake."

Fundi alikiweka kile kipande mezani kwa uangalifu mkubwa, upande laini chini. Ndipo akaanza kusema, na Koplo akaandika.

"Tumekichora chungu hiki mpaka kwenye bendera ya chama chetu cha kuzikana. Wazee wetu wakila kiapo wanakitaja. Sasa yeye ananiambia kimefinyangwa na mwanamke wa chini. Nikamwambia, shemeji, sema hujui. Basi. Neno moja, hujui. Mwaka jana nimezika watoto wa ndugu zangu, hata majeneza hayakuwa na uzito. Ukisema hivyo, tume itawapa watu wako kilima, sisi tutakwenda wapi? Akasema chungu hakigawi kilima. Kinasema tu kwamba tunachoma nyumba za wajomba zetu. Alikuwa amekishika. Nikakishika na mimi. Nilitaka nikifiche tu, afande, tume iondoke. Tukavutana."

"Ukamsukuma."

"Hapana! Nilikiachia. Nilikisikia kinalia, udongo hulia kabla haujapasuka, nikakiachia kisivunjike." Alimtazama Profesa, kama vile ni yeye pekee angemwelewa. "Naye akaenda kinyumenyume. Mtu mwingine yeyote angetupa chungu ajishike kwenye rafu. Rafu ilikuwa pale pale. Yeye alikikumbatia. Mikono yote miwili."

Profesa aligeukia dirisha.

"Halafu?" alisema Inspekta.

"Halafu nikaokota."

"Ukaokota nini?"

"Vigae."

"Kwanza?"

Fundi alilitazama bakuli. Plasta kwenye bakuli ilikuwa imeshakauka, imekuwa jiwe.

"Macho yalikuwa wazi," alisema hatimaye. "Nilidhani kashakufa. Nilimwita, hakuitika. Nikaokota kila kipande, nikakunja kwenye aproni, nikatoka. Nilikuwa naunga, naunga, nikijiambia kikirudi kizima... sijui nilijiambia nini. Na katika kuunga ndipo nikaona. Kamba juu ya kamba, pande zote. Alikuwa anasema kweli, afande. Nimemuua mtu kwa jambo la kweli."

Inspekta alikuwa na ripoti ya daktari wa maiti. Kwa siku zote hizi alikuwa amejiuliza ni mtu wa namna gani anayeweza kumwacha mwenzake hivyo. Sasa alikuwa amemkuta, ana mashavu ya mtoto.

"Hakufa pale pale, Fundi. Damu ilivuja kichwani taratibu. Daktari anasema angewahishwa hospitali, huenda angepona."

Fundi Gundi alianza kukusanya makombo ya plasta mezani kwa kidole, moja moja, mpaka Koplo alipomshika mkono na kumwinua.

*

Mkuu alisikiliza kwenye simu bila kukatiza, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Mtu wa juu," alisema mwishowe. "Unaelewa unaniambia nini?"

"Naelewa. Na ninaomba Mwalimu asipelekwe mahakamani. Koplo ameshafikisha maelezo ya Fundi kwa mwendesha mashtaka, na Profesa ametia saini kama shahidi."

"Ameshafikisha! Kabla yangu?" Alipumua kwa nguvu. "Sawa. Nisikilize vizuri sasa. Hili halitoki mpaka nizungumze na wakubwa. Huenda leo, huenda wiki ijayo. Asiambiwe mtu. Hasa yule mjane, ua wake umejaa watu wa pande zote mbili. Ukifungua mdomo pale, usirudi hapa kama mpelelezi. Nitakupeleka ukahesabu viatu vya stoo mpaka ustaafu."

"Wiki ijayo, Mwalimu atakuwa wapi?"

"Mwalimu anakula na kulala bure. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mkuu."

Alimwelewa vizuri sana. Maelezo yaliyopelekwa yanaweza kupotea, na Koplo anaweza kuhamishwa. Jambo likishajulikana uani kwa mjane, hakuna atakayeweza kulirudisha kwenye faili. Lakini alipokuwa akiendesha gari, Inspekta hakuwa akimfikiria Mwalimu. Alikuwa akikifikiria kile kisu kilivyosimama juu ya kiazi. Simu iliita njiani. Akaizima.

Mjane alimwona kutoka mbali, akaweka chini alichokuwa ameshika, akamwongoza mpaka chumbani, akafunga mlango. Kitandani palikuwa na mashati ya marehemu, yamekunjwa.

"Ni kaka," alisema kabla ya kuulizwa.

"Ni kaka yako."

Inspekta alimwambia yote. Alimwambia habari za chungu na za bibi wa zamani aliyeolewa juu. Akamwambia walivyovutana, na kwamba mmoja aliachia ili kisivunjike na mwingine akakumbatia ili kisivunjike. Alipofika kwenye vigae alihisi sauti yake ikitafuta mlango wa pembeni. Angeweza kusema alikufa papo hapo. Nani angemlaumu? Mjane alikuwa amemkazia macho, hapepesi.

"Aliokota vigae kwanza," alisema Inspekta. "Mumeo alikuwa bado hai. Daktari anasema huenda angepona."

Nje mtu aliangusha sufuria, watoto wakacheka, wakanyamazishwa. Mjane aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alishika shati la juu, akalikunjua, akalikunja tena vile vile.

"Hukupunguza?"

"Sikupunguza."

"Watakufanya nini kwa kuja hapa?"

"Watanipa viatu nihesabu."

Mjane alitikisa kichwa kidogo, kama anayepokea salamu za rambirambi. Kisha akasimama, akajinyoosha nguo.

"Wale walioketi nje nitawaambia mimi. Wakisikia kwa askari watatafuta mapanga. Wakisikia kwangu, mke wa huyu na dada wa yule, watamkamata nani? Labda watalia tu." Alishika kitasa cha mlango, halafu akageuka, na kwa mara ya kwanza uso ulimponyoka.

"Kaka yangu amekula leo?"

Inspekta alikuwa ameahidi kutopunguza.

"Hajala," alisema.

Mjane alipita jikoni kwanza. Alichukua bakuli, akafunua sufuria, akasimama hapo na upawa mkononi, mvuke ukimpiga usoni, hajui apakue au afunike.